Andika Kwanza, Ndipo Ufungue

Ninyi mlioachiwa mageti ya mfereji mkuu mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini sisi tunaandika kwenye kitabu kabla ya kufungua geti, ilhali kwingine watu hufanya kazi kwanza, wakaandika wakishanawa mikono. Nilikuwa nikiwajibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Jibu hilo lilikuwa fupi kwa sababu mimi ni mtu wa haya, na kwa sababu jibu refu lina Mzee Rajabu ndani yake, na kosa langu pia.

Sasa nimestaafu na nina muda. Shule niliishia darasa la saba na mwandiko wangu ni wa polepole. Nilianza kurasa hizi mpunga ukiwa bado kitaluni, na sasa umeshika masuke. Mtanisamehe.

Siku ya kwanza nilifika kazini na jembe, kwa kuwa nilidhani kazi ya maji ni kuchimba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mzee Rajabu alinitazama, akalitazama jembe, akaniuliza nimekuja kumzika nani. Kisha akalichukua akaliegemeza ukutani kwenye kibanda, na likakaa hapo miaka, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni la mchimba kaburi.

Alikuwa mtu wa Kisumu mjini, Mwislamu, mrefu, mwenye kofia aliyoivaa imelalia upande wa kulia. Mke wake alikuwa wa kwetu Nyakach, na Dholuo alikisema kama sisi. Lakini akiwa getini alizungumza Kiswahili tu, hata na vikongwe. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba kwa Dholuo kila mkulima ni shemeji yake, na shemeji hanyimwi maji. "Nikishika huu mkono wa geti," alisema, "sina shemeji." Ndiyo maana hata mimi ninawaandikia kwa Kiswahili. Mambo ya geti sijui kuyasema kwa lugha nyingine.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mkono wa geti, yaani kile chuma cha kuzungushia, mzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Kopo la grisi. Vitambaa vikuukuu. Panga la kukatia magugu yanayoziba mfereji. Ubao wa vipimo uliosimamishwa majini, wenye namba kutoka moja hadi tisa. Na kitabu cha geti, chenye jalada gumu, ndani ya mfuko wa plastiki, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiende na mtu. Mzee alinifundisha kufuta parafujo ya geti kwa kitambaa kikavu kabla ya kupaka grisi, kwa sababu grisi juu ya mchanga ni msasa. Alinifundisha kuweka sikio kwenye chuma na kusikiliza. Geti lenye mchanga hulia, geti lenye tawi lililokwama huguna. Geti lenye kambare ndani halisemi kitu, ila mshika geti atakula vizuri siku hiyo.

Alinifundisha pia kulisoma tuta la mfereji, na hili msilisahau hata mkisahau mengine yote. Maji yakipanda sana, tuta hutoa jasho upande wa pili. Jasho likiwa maji safi, tuta linavumilia. Jasho likiwa la tope, tuta linaliwa kutoka ndani, na muda uliobaki ni mfupi.

Mageti yetu yalikuwa matatu. La kwanza na la pili yaligawa maji kwa zamu. La tatu halikuwa la kugawa. Lilikuwa la kuutapisha mfereji ukijaa kupita kiasi, na matapishi yake yalikuwa na njia moja tu, kupitia mashamba ya chini hadi kwenye matete na ziwani. Kwa hiyo Geti la Tatu lilifunguliwa baada ya mavuno tu, mashamba hayo yakiwa matupu. Siku nyingine zote lilikaa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa msimamizi.

Kanuni ilikuwa moja kwa mageti yote: geti halifunguliwi bila karatasi yenye sahihi ya msimamizi. Wengi waliiona kanuni ya watu wa ofisi, wanaopenda karatasi. Mzee Rajabu aliniambia ilikotoka. Kabla yangu, mshika geti mmoja alimfungulia kaka yake maji saa sita mchana, nje ya zamu. Wenye zamu walipoona mfereji unashuka walikuja na majembe, na mtu mmoja alirudi nyumbani bila vidole vitatu. Yule mtu alikuwa hai bado. Alikuwa akiuza dagaa sokoni Pap Onditi, na Mzee alinituma kwake makusudi nikanunue, ili nione akinifungia kwa mkono ule.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini nilipoivunja kanuni hiyo mimi mwenyewe. Haikuwa kwa ushujaa. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuja wakati wa kiangazi Mzee akiwa msikitini Kisumu, akasimama karibu na Geti la Pili akinisifia jinsi nilivyokua. Hakuomba. Alisema tu kwamba mpunga wake una kiu, na kwamba mama yangu alipokuwa mgonjwa ni yeye aliyembeba mgongoni. Mimi kukataa sijui hata leo. Nikazungusha mara mbili tu, nusu saa, kisha nikafunga na kupaka grisi juu ili alama za mkono zisionekane.

Mzee aliporudi alikwenda moja kwa moja getini. Alipitisha kidole kwenye parafujo, akanusa grisi. "Hii ni ya leo," alisema. "Na leo si siku ya grisi."

Nilimwambia yote huku nikitazama miguu yangu. Aliuliza kwa nini jambo hilo halimo kitabuni. Nikasema, kwa sababu ni kosa.

"Omera," alisema, yaani ndugu yangu, na lilikuwa neno la kwanza la Dholuo nililowahi kumsikia akilitamka getini, "kuvunja kanuni ni kitu kimoja. Wewe umeiba. Jambo ukiona haya kuliandika, usilifanye. Na ukiona ni lazima ulifanye, liandike kwanza, ulitazame kwenye karatasi, uone kama bado ni lazima."

Akaniandikisha pale pale. Kisha akanipeleka kwa watu wa zamu ile, nyumba kwa nyumba, nikawasomee nilichoandika. Zilikuwa nyumba sita. Mtu wa haya akipewa chaguo kati ya jambo lile na mamba, huenda akauliza kwanza mamba ana ukubwa gani.

Nisiwape picha ya mtu mlegevu. Siku moja mkubwa fulani alituma dereva na salamu: shamba la rafiki yake lipate maji mchana ule, karatasi itafuata. Mzee alimkaribisha dereva kivulini, akampa maji ya kunywa, akamwambia yupo tayari, anaingoja karatasi. Dereva alingoja hadi jioni. Karatasi ile bado inakuja.

Basi huyo ndiye mtu aliyevunja kufuli la Geti la Tatu. Ninawaambia haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuokota msumeno.

Ilikuwa siku ya jua, Alhamisi. Ninyi mmezaliwa huku na mnajua mvua yetu hunyesha kwa wengine. Inanyesha juu milimani Nandi usiku, nasi huku chini tunaamka na anga safi, na maji yanatufikia mchana kweupe, mekundu, yamebeba migomba. Siku ile ubao wa vipimo ulisoma namba nne asubuhi, namba tano saa nne, namba sita na nusu saa sita. Msimamizi alikuwa Kisumu kwenye mkutano, na ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye mkufu wake, kiunoni mwake. Simu ya ofisi ilikuwa imekufa tangu Jumatatu.

Mzee alifanya yote ambayo kanuni inaruhusu. Alifunga njia ya kuingilia maji kutoka mtoni, lakini mto ulikuwa umeshaipanda na kuingia kwa juu. Alimtuma mtu na baiskeli hadi Katito akatafute simu. Alinituma mimi chini ya tuta, kwenye zile nyumba kumi na moja, nikawaambie watu watoke. Wengi walicheka. Walitazama juu, hakuna wingu, wakaniuliza kama nimekunywa. Bibi mmoja alikuwa kitandani mwezi wa pili, hawezi kugeuka. Nilirudi kumwambia Mzee hawatoki, nikamkuta amepiga magoti upande wa chini wa tuta, kiganja kimekinga jasho.

Maji kiganjani yalikuwa safi. Akayamwaga. Tukakaa. Aliyekwenda Katito alirudi na kusema ofisi ya Kisumu imejibu kwamba kwao jua linawaka, na msimamizi atapewa ujumbe akitoka mkutanoni. Mzee akakinga tena. Safi. Alikinga mara nne, na kila mara akanionyesha. Mara ya tano hakunionyesha. Alikifuta kiganja kwenye suruali, na kwenye suruali pakabaki tope.

Upande wa chini, kuelekea matete, mashamba manne yalikuwa yameshika masuke, wiki mbili kabla ya kuvunwa. La karibu kabisa na geti lilikuwa la Mama Rispa, mjane, na alikuwa humo, juu ya jukwaa la kulindia mpunga, akifukuza ndege kwa kupiga debe. Mlio wa debe tulikuwa tukiusikia tangu asubuhi.

Mzee alitoka kibandani na msumeno wa chuma. "Chukua kitabu," aliniambia. "Nakata kufuli, wewe andika."

Nilimwambia tutaandika baadaye, maji yanakuja. Aliuweka msumeno kwenye kufuli akaanza kusema, maneno yakikatika pamoja na mkono wake, nami nikaandika kama ninavyoandika, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tarehe. Saa. Maji yako saba na nusu. Tuta linatoka tope. Msimamizi hayupo, ujumbe umetumwa. Mimi Rajabu ninalifungua Geti la Tatu bila ruhusa, na ninalikata kufuli la ofisi. Mashamba yatakayozama ni ya hawa.

Hapo nilisimama. Nikasema, Mzee, majina hayana haja, kila mtu anajua ni mashamba ya nani.

"Humzamishi mtu bila kumtaja," alisema. "Rispa kwanza."

Nikaandika Rispa. Nikaandika wa pili. Nilipokuwa kwa wa tatu kufuli likaanguka kwenye saruji. Mzee akauweka mkono wa geti mahali pake, akaushika, akanigeukia. Nilidhani atazungusha. Hakuzungusha. Alisimama pale, jasho likimdondoka kidevuni, mgongo umeinama, akitazama kalamu yangu.

"Maliza."

"Mzee, maji."

"Maji hayatavunja tuta kwa sababu ya jina moja. Maliza, kijana wangu, na uweke nukta."

Nilimaliza jina la nne. Niliweka nukta. Ndipo akafungua.

Geti lile lilihitaji mizunguko hamsini. Kwenye ishirini na kitu bega la Mzee lilikataa. Alijaribu mkono wa pili, ukakataa pia. Nilitupa kitabu kwenye nyasi nikaushika mkono wa geti, na yeye akajaribu kunisukuma, akisema wewe ni mwandishi tu, kaa na kitabu chako. Alinisukuma kwa bega lile bovu, kwa hiyo hakunisukuma mbali. Mizunguko iliyobaki nilizungusha mimi. Ilikuwa zaidi ya nusu.

Maji yalitoka na kishindo. Niliyatazama yakiingia kwenye mpunga wa Mama Rispa, masuke yakilala kwa safu kama watu wanaopiga magoti. Debe likanyamaza. Mpaka leo, nikikumbuka siku ile, kelele ya maji imenitoka masikioni. Ninachosikia ni lile debe lililonyamaza.

Tuta halikuvunjika. Jasho lilirudi kuwa safi kabla ya jua kuzama, na nyumba kumi na moja zilisimama na watu wake, pamoja na wale waliocheka. Jioni walimletea Mzee jogoo. Aliwaambia wampelekee Mama Rispa. Walimpelekea, akawarudishia.

Kikao kilifanyika Kisumu baada ya wiki mbili, ofisini, wakubwa watatu nyuma ya meza na sisi kwenye benchi. Wote wenye mashamba manne waliitwa. Mimi nilikaa karibu na mlango, kofia magotini.

Mmoja wa wale wakubwa alikuwa mtu mwema. Alijua Mzee amebakiza miaka michache kazini, na alimtafutia njia. Alilichukua lile kufuli lililokatwa, akaligeuza, akasema kwamba ni la zamani, lina kutu, na maji ya siku ile yalikuwa na nguvu sana. Je, Mzee haoni kwamba huenda lilikatika lenyewe?

Ilikuwa kusema ndiyo tu, na kesho angerudi getini kwake.

"Lilikatwa na msumeno, Bwana," alisema Mzee Rajabu. "Limeandikwa."

Mkubwa akakohoa. Akauliza ni nani mwingine alikuwapo.

"Alikuwapo aliyeandika. Aliyefungua ni mimi."

Walinitazama. Hapo palikuwa pangu. Ilinipasa kusimama na kusema kwamba zaidi ya nusu ya geti lile lilifunguliwa na mikono hii. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mimi sikuwahi kusema kitu mbele ya watu zaidi ya wawili, na Mzee alikuwa amenigeuzia mgongo makusudi, na niliyameza. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba Mzee alinikataza. Hakunikataza. Nilinyamaza mwenyewe.

Kisha Mama Rispa aliomba kusema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na tulijua alikuja kulia juu ya mpunga ambao ungemalizia nyumba yake. Lakini alichosema ni kwamba amesikia jina lake limo kwenye kitabu, na yeye hajui kusoma, na anataka asomewe na yule aliyeandika.

Nilisoma. Nilisoma polepole kuliko nilivyoandika. Nilipofika kwenye jina lake alinyanyua mkono nisimame.

"Mliandika kabla au baada?"

"Kabla, Mama."

"Kwa hiyo mlinijua. Mliposhika kile chuma mlijua ni mimi."

"Tulijua," alisema Mzee Rajabu.

"Basi mimi nimekasirika," alisema Mama Rispa, "na nitakasirika mpaka nivune tena. Lakini sikuliwa gizani." Akaketi.

Uamuzi ulikuwa kwamba Mzee Rajabu aondolewe kwenye mageti, akawe mlinzi wa lango la bohari hapo Kisumu hadi astaafu. Kutoka kwenye maji aliyoyajua kama mwili wake, akafungulie malori. Nilimfuata nje nikiwa na machozi, nikamwambia wamemwonea, kwamba kanuni ile ni mbaya.

Alisimama kabisa. "Kanuni ile ni nzuri sana," alisema. "Umesahau vidole vya yule muuza dagaa? Ingekuwa mbaya ningeivunja bila kufikiri. Sasa wao wafanye nini? Wakiniacha bure, kesho kila mtu atakuja na msumeno wake, na kila mtu atasema tuta lilitoka tope." Kisha akaiweka kofia yake sawa, yaani upande. "Mimi nilifanya kazi yangu. Wao wamefanya yao. Twende tukale."

Alikuwa na siku kumi kabla ya kuripoti bohari. Hakwenda kupumzika. Mama Rispa alikuwa ameomba miche ili apandikize upya kabla msimu haujamtupa, na asubuhi ya kwanza alimkuta Mzee Rajabu ameshasimama ndani ya tope, suruali imekunjwa, bega moja chini kuliko jingine. Miaka yote ile aligawa maji ya mpunga, lakini alikuwa hajawahi kupandikiza hata mche mmoja. Mama Rispa hakumsalimu. Alimpa safu ya mwisho, kando ya nyasi, mahali ambapo hapewi mtu anayetarajiwa kuleta mavuno. Aliporudi kuangalia, shamba zima lilisikia.

"Bwana Rajabu, mpunga si kofia. Hauvaliwi upande."

Wanawake wote wakacheka, na Mzee akacheka kuliko wao, akang'oa safu nzima na kuanza tena. Alikwenda siku zote kumi. Siku ya tisa Mama Rispa alimsalimu. Alipovuna msimu ule alituma mchele bohari Kisumu, ndani ya lile debe.

Ofisi ilichukua muda wake, kama kawaida ya ofisi. Lakini mwaka uliofuata alikuja fundi na kopo la rangi, akapiga mstari mwekundu kwenye ubao wa vipimo, juu kidogo ya saba. Kanuni mpya ilisema kwamba maji yakiugusa mstari huo na msimamizi hapatikani, mshika geti anaweza kufungua Geti la Tatu, mradi ameandika kwanza kitabuni, pamoja na majina ya wenye mashamba. Ule mstari mnaoupaka upya kila mwaka ndio huo. Ofisi haikuandika mahali popote ulikotoka. Ninaandika mimi.

Nilimtembelea Mzee huko Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, alikojenga baada ya kustaafu, muda mfupi kabla hajafariki. Alikuwa kitandani, kofia kichwani. Nilimwambia lile la kikao, kwamba ilinipasa kusimama na sikusimama, na kwamba kitabu kile kina uongo mmoja, maana kinasema alifungua peke yake.

Nilidhani atanituliza. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Nilijua utaandika," alisema. "Wewe unaandika polepole tu."

Miezi michache iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini, nilimkabidhi Atieno mkono wa geti, grisi, vitambaa na panga. Mnamjua Atieno. Ana elimu kuliko mimi na huandika kama mvua ya mawe. Nikamwomba anifungulie kabati la vitabu vya zamani. Kile kitabu kilikuwapo, kimefungwa kwa kamba, na alama za maji kwenye jalada tangu nilipokitupa kwenye nyasi. Nilikifungua kwenye ukurasa ule. Mwandiko ulikuwa wangu, majina manne, nukta. Chini yake palikuwa na nafasi ya mstari mmoja.

Nikachukua kalamu.

"Mzee," alisema Atieno, "kitabu kilichofungwa hakiandikwi. Ni kanuni."

Nikamwambia ninajua, na ni kanuni nzuri, maana bila hiyo kila mtu angerudi kurekebisha siku zake. Nikamwambia ninataka kuandika kwamba na mimi nilizungusha, zaidi ya nusu, na kuweka tarehe ya leo ili asidanganyike mtu.

Alifikiri. Nilitegemea aite msimamizi, na alikuwa na haki. Badala yake alivuta kitabu kipya kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akafungua kalamu.

"Weka hiyo chini kwanza," alisema. "Saa ngapi hivi? Jina lako lote, Mzee. Na unaandika kwenye kitabu cha nani, na bila ruhusa ya nani?"

Nikamwambia. Yeye huandika haraka. Hata hivyo nilingoja, mikono magotini, mpaka akaweka nukta.